Furaha ya Neema: Kwa Nini Yesu Aliwazuia Wanafunzi Wasifurahie Ushindi Wao

Wale sabini walirudi na habari nzuri. Yesu alikuwa amewatuma wawili wawili, bila mfuko, bila mkoba wala viatu, watangulie katika kila mji aliokusudia kwenda mwenyewe. Waliporudi, taarifa yao ilikuwa fupi: "Bwana, hata pepo wanatutii kwa jina lako." Luka anasema walirudi kwa furaha, na furaha hiyo anaijua kila aliyewahi kufanya kazi ya Mungu akaona matunda yake. Jibu la Yesu ndilo linaloshangaza: "Lakini, msifurahi kwa vile pepo wanavyowatii; bali furahini kwa sababu majina yenu yameandikwa mbinguni" (Luka 10:20).

Mstari huu husomwa haraka, ilhali umebeba jambo ambalo Wakristo wengi tunalikiri kwa kinywa na kuhangaika nalo maisha yetu yote. Yesu hakuwaambia kwamba kazi yao ilikuwa mbaya. Alikubali kwamba ushindi ulikuwa wa kweli, maana alimwona Shetani akianguka kutoka mbinguni kama umeme, na mamlaka waliyoyatumia ni yeye aliyewapa. Alichokigusa ni furaha yao. Aliikuta imeegemea pale ambapo haikupaswa kuegemea, akaihamisha.

Ili kuona sababu, rudi nyuma sura moja tu. Katika Luka 9:40 kuna baba mwenye mtoto wa pekee anayeteswa na pepo, naye anamlalamikia Yesu: niliwasihi wanafunzi wako wamtoe, wasiweze. Hapo wanafunzi wameaibika mbele ya umati. Sura inayofuata wafuasi wa Yesu wanashangilia kwa sababu pepo wanatoka. Kama furaha ya mwanafunzi inategemea pepo kutii, basi sura ya tisa ni msiba na sura ya kumi ni sherehe, na hakuna ajuaye sura ya kumi na moja itakuwaje. Jina lililoandikwa mbinguni halipandi wala halishuki na matokeo ya huduma. Lilikuwa limeandikwa siku ya aibu na bado limeandikwa siku ya ushindi. Na tuone pia kwamba wao si walioliandika.

Kuna sababu ya pili, nayo ni nzito zaidi. Mathayo 10 inaorodhesha mitume kumi na wawili waliopewa amri juu ya pepo wachafu, na jina la mwisho katika orodha hiyo ni Yuda Iskariote. Injili hazisemi popote kwamba huduma ya Yuda ilidorora kuliko ya wenzake. Usiku wa karamu ya mwisho, Yesu aliposema mmoja wao atamsaliti, hakuna aliyemgeukia Yuda na kusema, "Tulijua." Kila mmoja aliuliza kwa huzuni kama ni yeye. Hilo linatisha, na limewekwa litutishe. Mtu anaweza kutumiwa na Mungu kwa nguvu, watu wakafunguliwa kupitia kwake, huku moyo wake ukiwa mbali. Ndiyo maana katika Mathayo 7 wapo watakaosimama siku ile wakitaja unabii, pepo waliowatoa na miujiza mingi, nao watajibiwa, "Sikuwajua ninyi kamwe." Huduma iliyofanikiwa haijawahi kuwa cheti cha kujulikana na Mungu.

Kisha Luka anaongeza jambo ambalo mahubiri mengi huliruka. Mara baada ya kuihamisha furaha ya wanafunzi, "saa ile ile" Yesu mwenyewe alishangilia kwa Roho Mtakatifu. Anashangilia nini? Anamshukuru Baba kwa kuwaficha mambo haya wenye hekima na akili na kuwafunulia watoto wachanga, "kwa kuwa ndivyo ilivyokupendeza." Mtoto mchanga hana alichofanikisha. Bwana hakuwanyang'anya wanafunzi furaha kisha akawaacha mikono mitupu. Aliwaingiza katika furaha yake mwenyewe, ambayo chanzo chake ni mapenzi ya Baba.

Kushukuru na bado kujisifu

Hapa ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu, kwa sababu karibu kila Mkristo atasema anaamini neema. Muulize yeyote kanisani kama ameokolewa kwa matendo yake, atakataa. Waefeso 2:8 tunaijua kwa moyo: tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ni kipawa cha Mungu. Tunaikiri neema wote. Swali gumu ni lile la kila siku: kinachonifurahisha hasa ni nini?

Farisayo wa Luka 18 anasaidia sana hapa, na nadhani tumezoea kumsoma vibaya. Tunamchukulia kama mtu anayedai kwamba amejitakasa mwenyewe. Msikilize anavyoanza: "Ee Mungu, nakushukuru." Anamshukuru Mungu! Angeulizwa katika darasa la katekisimu wema wake umetoka wapi, angejibu vizuri kabisa, umetoka kwa Mungu, na angepewa alama zote. Halafu anaendelea: "kwa kuwa mimi si kama watu wengine, wanyang'anyi, wadhalimu, wazinzi, wala kama huyu mtoza ushuru." Anataja kufunga mara mbili kwa juma na zaka ya mapato yote. Maneno ni ya shukrani, lakini kinachompa raha ni umbali uliopo kati yake na yule aliyesimama mbali akijipigapiga kifua. Mtoe mtoza ushuru pale hekaluni, weka mahali pake mtu anayefunga mara nne kwa juma, na sala ile inaishiwa maneno.

Luka ametupa ufunguo kabla hata ya mfano kuanza: Yesu aliusema kwa watu "waliojikinai ya kuwa wao ni wenye haki, wakiwadharau wengine wote." Mambo hayo mawili hutembea pamoja. Furaha inayotokana na mafanikio ya kiroho lazima ipate wa kumdharau, maana mafanikio hupimwa kwa kulinganisha. Mimi nimeomba muda mrefu kuliko nani? Nimeleta watu wengi kuliko kanisa lipi? Anayeishi kwa neema hana haja ya hesabu hiyo, kwa kuwa alichonacho hakikupungua jirani yake alipopewa kikubwa zaidi.

Hili linatuhusu tunaotoa ushuhuda. Mtu anaweza kuanza kwa "namshukuru Mungu", akamaliza kwa "sifa na utukufu ni kwa Bwana", na katikati ikawa ni orodha ya siku alizofunga, mikesha aliyoongoza na watu waliookoka kupitia yeye. Sisemi ushuhuda ni kosa, kwa kuwa Maandiko yenyewe yamejaa shuhuda. Paulo katika 1 Wakorintho 15:10 anasema bila haya kwamba alifanya kazi kupita mitume wengine wote. Lakini angalia alipoiweka sentensi hiyo. Kabla yake anasema yeye ni mdogo wa mitume, asiyestahili hata kuitwa mtume, kwa sababu aliliudhi Kanisa la Mungu. Baada yake anasema, "wala si mimi, bali ni neema ya Mungu pamoja nami." Kazi yake kubwa imebanwa katikati, dhambi yake upande huu na neema upande ule, na haina nafasi ya kuvimba.

Paulo huyohuyo, akiwa kifungoni, aliwaandikia Wafilipi orodha ya sifa zake za zamani: ametahiriwa siku ya nane, wa kabila ya Benyamini, Mwebrania wa Waebrania, kwa habari ya torati Farisayo, kwa haki ipatikanayo katika sheria hana hatia. Hizo zote anazihesabu kuwa kama mavi ili ampate Kristo. Ni neno kali, na aliyeogopa kulisoma kanisani ameogopa bure, maana Paulo alilichagua kwa makusudi. Wala hazungumzii dhambi zake hapo. Anazungumzia mambo mazuri, yale ambayo wengine wangeyaweka katika wasifu wao. Waraka huohuo, ulioandikwa na mtu mwenye minyororo asiyejua kama ataachiwa au atauawa, ndio unaosema, "Furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, Furahini."

Mgogoro wa zamani

Kanisa limeshindana kuhusu jambo hili kwa karne nyingi, na inasaidia kujua ni wapi makanisa yanakubaliana na wapi yanatofautiana, kwa sababu watu hutupiana lawama zisizo za kweli.

Mwanzoni mwa karne ya 5 alikuwepo Roma mwalimu mmoja aitwaye Pelagius, mtu wa maisha safi, aliyeumizwa na uzembe wa Wakristo aliowaona. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alikuwa ameandika sala akimwambia Mungu: nipe unachoniamuru, kisha niamuru utakalo. Pelagius aliposikia sala hiyo ikisomwa, alikasirika. Kwake ilikuwa ni kuwapa wavivu kisingizio. Kama Mungu ameamuru, basi binadamu anaweza, na atende! Tumtendee haki Pelagius: alichokitaka ni utakatifu. Lakini Augustino aliona kwamba fundisho lile linamwacha mtu peke yake na nguvu zake, na linageuza msalaba kuwa mfano mzuri tu wa kuigwa. Mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, uliofanyika Karthago mwaka 418 uliyakataa mafundisho ya Pelagius, na ule wa Orange mwaka 529 ukasisitiza kwamba hata mwanzo wa imani, ile hamu ya kwanza ya kumtafuta Mungu, ni kazi ya neema.

Miaka elfu moja baadaye Martin Luther, mtawa wa shirika la Mtakatifu Augustino, alikuwa akijitesa kwa kufunga, kukesha na kuungama dhambi moja moja bila kupata amani. Mkubwa wake, Johann von Staupitz, alimwelekeza amtazame Kristo aliyesulubiwa badala ya kujichunguza bila mwisho. Warumi 1:17 ilipomfungukia, Luther aliielewa haki ya Mungu kama zawadi ambayo mwenye dhambi anapewa naye anaipokea kwa imani. Matengenezo ya Kanisa yaliyofuata baada ya 1517 yanajulikana.

Kisichojulikana sana ni kwamba Mtaguso wa Trento, ulioitishwa na Kanisa Katoliki kujibu Matengenezo, uliweka katika amri yake ya mwaka 1547 kuhusu kuhesabiwa haki kanuni ya kwanza inayomlaani mtu yeyote anayesema binadamu anaweza kuhesabiwa haki mbele ya Mungu kwa matendo yake mwenyewe bila neema ya Mungu kwa njia ya Yesu Kristo. Kwa hiyo Mprotestanti anayemwambia Mkatoliki, "Ninyi mnaamini mnajiokoa wenyewe," anasema jambo ambalo Kanisa hilo limelilaani rasmi. Tofauti ipo kweli, lakini ipo kwingine: neema inafanyaje kazi ndani ya mtu, na matendo ya aliyekwisha kupokea neema yana nafasi gani katika kukua kwake. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Ujerumani, Shirikisho la Walutheri Duniani na Kanisa Katoliki walitia sahihi tamko la pamoja linalokiri kwamba Mungu anatupokea kwa neema pekee, kwa imani katika kazi ya Kristo, bila stahili yoyote ya kwetu, na kwamba Roho Mtakatifu anatufanya upya na kutuita kwenye matendo mema. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006, na makanisa ya mapokeo ya Kireformed, yaani yale yanayofuata mafundisho ya Calvin, mwaka 2017. Hawakumaliza kila tofauti, lakini kwa msingi huo walisimama pamoja.

Waorthodoksi hawakuingia katika ugomvi huo kwa namna ileile. Lakini usiku wa Pasaka, katika makanisa yao, husomwa mahubiri yanayohusishwa na Yohana Krisostomo, askofu mkuu wa Konstantinopoli aliyefariki mwaka 407, yaliyojengwa juu ya mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Mahubiri hayo yanawaalika mezani waliofanya kazi tangu saa ya kwanza pamoja na waliofika saa ya kumi na moja, waliofunga pamoja na wasiofunga. Fikiria nguvu ya jambo hilo. Watu wamemaliza wiki nyingi za mfungo mkali, na usiku wa ushindi, badala ya kupongezwa waliofunga vizuri, wote wanaambiwa waingie katika furaha ya Bwana wao. Mimi sijui njia bora zaidi ya kumaliza mfungo.

Na matendo je?

Mtu makini atauliza, kama furaha yetu haitegemei tunachofanya, kwa nini tufanye? Paulo alilisikia swali hilo kabla yetu. Warumi 6 inaanza nalo: tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Akajibu, "Hasha!" Ukihubiri neema na hakuna anayeuliza swali hilo, pengine hujaihubiri bado. Lakini ukilijibu kwa "ndiyo", hujaielewa kabisa.

Waefeso 2 haiishii kwenye mstari wa 9. Mstari wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tupate kutenda matendo mema ambayo Mungu aliyatengeneza tangu zamani. Mpangilio ndio wenye uzito. Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563 iliuweka wazi kwa kugawa mafundisho yake sehemu tatu: taabu ya mwanadamu, ukombozi wake, na shukrani. Amri Kumi zinafafanuliwa katika sehemu ya tatu. Amri zilezile ambazo mtu angeweza kuzikimbilia ili apendwe, zinawekwa mikononi mwa mtu aliyekwisha kupendwa. Jasho linaweza kuwa lilelile, lakini mmoja anafanya kazi akiwa na hofu ya kufukuzwa na mwingine akiwa nyumbani kwa Baba yake.

Yakobo aliyesema imani bila matendo imekufa hapingani na hili. Anaongea na mtu anayemwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," bila kumpa kitu. Imani ya namna hiyo haijawahi kupokea neema, imepokea maneno tu. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mlutheri wa Ujerumani, aliliandikia hili kwa uchungu mwaka 1937, akiita neema rahisi ule msamaha unaohubiriwa bila toba na ule uanafunzi usio na msalaba. Alikuwa ameona kanisa lililojaa mafundisho sahihi ya neema likinyamaza mbele ya uovu wa Wanazi. Aprili 9, 1945 alinyongwa katika kambi ya Flossenbürg. Neema aliyoiamini ilimgharimu uhai, na hakudhani hata siku moja kwamba anainunua.

John Wesley ni mfano mwingine ninaoupenda. Alipokuwa Oxford alifuata utaratibu mkali wa kufunga, kusali na kuwatembelea wafungwa. Alivuka bahari kwenda Georgia kama mmisionari, akarudi Uingereza mwaka 1738 amevunjika moyo. Jioni ya Mei 24 mwaka huo, katika mkutano mdogo mtaa wa Aldersgate, London, mtu alikuwa akisoma utangulizi wa Luther kwa Waraka wa Warumi. Wesley aliandika katika shajara yake kwamba aliuona moyo wake ukipata joto la ajabu, akahisi kwamba anamtumaini Kristo, Kristo peke yake, kwa wokovu wake. Je, alilegea baada ya hapo? Alihubiri kwa zaidi ya miaka hamsini, akisafiri kwa farasi, hadi alipofariki mwaka 1791. Kazi iliongezeka tangu alipoacha kuifanya iwe daraja lake la kumfikia Mungu.

Linabaki suala la thawabu, ambalo wahubiri wa neema hulikwepa bila sababu. Yesu aliahidi thawabu. Paulo alitazamia taji ya haki. Haiwezekani kuyafuta hayo ili fundisho letu likae vizuri. Augustino alilijibu kwa kusema kwamba Mungu anapozivika taji stahili zetu, anazivika taji zawadi zake mwenyewe. Ufunuo 4 inaonyesha wazee ishirini na nne wakizitupa taji zao mbele ya kiti cha enzi, kwa hiyo hata taji inapopokelewa haiwi kitu cha kukumbatia. Na angalia jinsi walio mkono wa kuume katika Mathayo 25 wanavyoshangaa: Bwana, ni lini tulipokuona una njaa tukakulisha? Hawana kumbukumbu ya rekodi yao. Wale wa Mathayo 7, waliotaja unabii na miujiza, walikuwa nayo yote kichwani.

Furaha yako imeegemea wapi?

Moyo haujichunguzi kirahisi, lakini kuna nyakati ambapo furaha hujionyesha inakokaa. Wakati mmoja ni pale mwenzako anapofanikiwa. Wanafunzi wa Yohana Mbatizaji walimjia na malalamiko: yule uliyemshuhudia, naye anabatiza, na watu wote wanamwendea. Huduma ya mwalimu wao ilikuwa inapungua mbele ya macho yao. Yohana akajibu kwamba rafiki wa bwana arusi hufurahi sana kuisikia sauti ya bwana arusi, kisha akasema, "Basi hii furaha yangu imetimia. Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua." Furaha yake ilitimia siku ambayo watu walikuwa wanamwacha. Hakuna mafanikio ya huduma yanayoweza kumpa mtu maneno hayo.

Mlinganishe na mwana mkubwa wa Luka 15, anayesimama nje ya nyumba huku muziki ukisikika ndani. "Tazama, mimi nimekutumikia miaka mingapi hii, wala sijakosa amri yako," na hajapewa hata mwana-mbuzi. Ametii kweli, baba hamkatalii hilo. Lakini utii wake wote haukumzalishia furaha. Ulimzalishia deni ambalo anaona baba anadaiwa. Jibu la baba ni pole na linauma: "Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako." Mbuzi aliyekuwa anamdai alikuwa wake tangu mwanzo. Aliishi miaka yote hiyo kama mfanyakazi ndani ya nyumba ya baba yake, na sioni huzuni kubwa kuliko hiyo katika mfano mzima, hata ile ya mdogo wake kulisha nguruwe.

Wakati mwingine ni pale nguvu zinapoondoka. Mfikirie mtu aliyeongoza maombi kanisani kwa miaka mingi, sasa amepata kiharusi. Upande mmoja wa mwili hausogei na ulimi ni mzito. Wageni wakija kumwombea, analia, nao wanadhani analia kwa maumivu. Baadaye anajikakamua kusema: siwezi tena kumfanyia Mungu chochote. Mtu kama huyo hapaswi kuambiwa kwamba atapona karibuni na kurudi kwenye huduma, kana kwamba hapo ndipo thamani yake ilipo. Aambiwe yaliyotokea mtoni Yordani. Yesu alikuwa bado hajahubiri mahubiri yoyote, hajamponya mtu wala kuita mwanafunzi, na mbingu zikafunguka, sauti ikasema, "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye." Baba alipendezwa kabla kazi haijaanza. Aliye ndani ya Kristo amepokelewa katika upendo huohuo, akiwa jukwaani au kitandani. Paulo alipoomba mara tatu mwiba wake uondolewe, alijibiwa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu."

Halafu kuna wiki ya kuanguka. Mkristo ametenda dhambi Jumanne usiku, dhambi ileile aliyoitubu mwezi uliopita. Jumatano haombi, anaona haya. Alhamisi anasoma sura mbili za Biblia. Ijumaa anafunga. Jumamosi anajisikia angalau ana uso wa kumwendea Mungu, na Jumapili anaimba. Katikati hapo amelipa kiasi fulani bila kujua, na amani anayoihisi Jumapili ameinunua kwa siku zake nne. Ndiyo maana amani hiyo haidumu. Waebrania 4:16 inatuita tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri ili tupate neema ya kutusaidia wakati wa mahitaji yetu, na wakati wa mahitaji ni Jumanne ileile usiku, mikono ikiwa bado michafu. Makanisa mengi yanayofuata liturujia huweka ungamo mwanzoni mwa ibada, kabla ya mahubiri, kabla ya sadaka, kabla mtu hajapata nafasi ya kufanya lolote la kumpendeza Mungu. Zaburi ya 51 ina mpangilio huohuo. Daudi anaomba, "Unirudishie furaha ya wokovu wako," ndani ya sala ileile anayoungama dhambi yake, akiwa hajafidia chochote. Ahadi yake ya kuwafundisha wakosaji njia za Mungu inakuja katika mstari unaofuata.